Watoto Watatu Wenye Shanga

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Watu wa rika langu hawahitaji nitaje mwaka wenyewe, wakisikia unga wa njano ulimi unakumbuka. Unga ule ulikuja na meli kutoka kwa watu tusiowajua, ukapanda treni mpaka Mwanza, ukatukuta tumeshamaliza michembe ya viazi, tumeshamaliza udaga wa muhogo, tumeanza kuangaliana. Ulikuwa na rangi ya kiini cha yai, ukipikwa unanuka gunia, na ugali wake ukipoa ungeweza kumtupia mbwa akakimbia akilia. Watoto tulisema ni chakula cha kuku wa Wazungu, kisha tukaula mpaka tukakwangua sufuria. Samaki walikuwepo. Ziwa halikutunyima furu wala sato, na sangara alikuwa bado hajatuvamia. Lakini kwa Msukuma samaki bila ugali ni kuchezea mdomo.

Nimeukumbuka mwaka huo kwa sababu ya harufu. Juzi mjukuu wangu Neema alinipeleka kwenye kile kisiwa cha wanyama, kile unachokiona ukisimama Kapripoint. Neema ana kamera yenye mdomo mrefu kama wa korongo, na kazi yake ndiyo hiyo, kupiga picha wanyama na ndege. Picha zake zimetundikwa kwenye kuta za mahoteli na watu wazima wanasimama kuzitazama. Nasema kwa kujigamba na sioni haya. Basi mvua ikatukuta kule. Yale mawe makubwa yakilowa baada ya jua kali yanatoa harufu ya chungu kipya kinachotiwa maji mara ya kwanza, halafu chini yake kuna shombo la ziwa. Neema akanishika mkono. "Bibi, twende bandani, utaugua." Nikamjibu maneno ambayo si yangu, ni ya mama yangu, na aliyasema palepale kisiwani, mvua ikimchapa usoni, nami nimeshika pindo la khanga yake.

Tulikuwa tunakaa Kirumba. Baba alifanya kazi kwenye kinu cha pamba, Mama alikaanga samaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Nilikuwa mtoto wao wa pekee. Mama alikaa kwenye ndoa muda mrefu bila kuzaa, akaniomba kwa Mungu wa kanisani, akaniomba na kwa mizimu ya kwao, hakuchagua mlango wa kugonga. Mwaka ule alikuwa na ombi lingine. Mahindi yake kule Pasiansi yalikuwa yamekauka, akapanda tena, nayo yakawa yanaelekea kukauka. Asubuhi aliomba mvua kwa Kiswahili pamoja na waumini wenzake, jioni akakaa mlangoni akitazama mawingu na kuiomba upya kwa Kisukuma, isije ikawa Mungu hakuelewa.

Sasa, shule yetu ikapelekwa kisiwani kuona wanyama. Watoto wote walijazana mbele ya kizimba cha simba. Simba mwenyewe alikuwa amekonda kama sisi. Mimi nilikuwa mfupi, mbele yangu naona makalio ya watoto tu, nikachoka, nikazunguka nyuma kwenye mawe yanayoshuka majini. Huko nikaona watoto watatu wanaoga. Walikuwa weusi, wanang'aa, vichwa vya mviringo kama vimenyolewa jana. Kila mmoja alikuwa na samaki, amemshika kwa mikono miwili, anamla kuanzia kichwani kama sisi tunavyokula muhindi wa kuchoma. Shingoni walikuwa na shanga nyeupe. Mmoja akanitazama, akainua mkono. Na mimi nikainua wangu. Wakazama wote mara moja, na maji yakajifunga juu yao kama mlango.

Nikawasubiri watoke. Hawakutoka.

Nikakimbia. "Mwalimu, watoto watatu wamezama."

Mnajua wenyewe mwalimu aliyevusha watoto wa watu kwa mtumbwi atafanya nini akisikia hivyo. Alituhesabu akakosea, akatuhesabu tena, wasichana wakaanza kulia, wanaume wa mitumbwi wakajitosa na nguo zao. Hakuna aliyepotea. Hakuna aliyeonekana. Safari ikaishia pale, simba hata hajanguruma, na lawama zote zikawa juu yangu. Nilichapwa mbele ya mstari kwa kosa la uongo. Toka siku hiyo nikipita uwanjani wananiuliza, "Milembe, watoto wako wamekula?" Mwingine anajibu, "Wanakula unga wa njano, ndiyo maana wamezama."

Hayo ningeyavumilia. Kubwa lilikuwa Bibi, mama yake baba, aliyekuja kutoka Kisesa kutusalimia na kukuta habari imemtangulia. Akaniketisha kati ya magoti yake, akaanza kunisuka. Akaniuliza wangapi, nikasema watatu. Walitoka wapi, majini. Walivaa nini. Nikasema walikuwa uchi ila shanga nyeupe shingoni. Bibi akaacha kunisuka.

Kwetu mtu anayetakiwa na wahenga huvalishwa shanga nyeupe, na akishavaa ana kazi nao mpaka anakufa. Bibi hakuwa mjinga na sitaki mtu amcheke. Alikuwa ameona ng'ombe wake wakifa mmoja mmoja wakilamba vumbi, na alikuwa anatafuta sababu kama sote. Jioni, baba aliporudi, akasema, "Wamekuja na shanga zao wenyewe kumwonyesha. Wanamdai. Mvua imefungwa kwa sababu wanadai na hawapewi. Jumamosi ninakwenda naye Kisesa, avalishwe, akae kwangu."

Mama akauliza, "Na shule, Mama?"

"Shule gani? Mtu wa wahenga anachapwa na mwalimu? Tayari ameshachapwa, na ninyi mnashangaa jua linavyowaka."

Mama akamtazama baba. Baba akatazama vidole vya miguu yake akasema, "Mama amesema." Ndivyo alivyokuwa baba yangu. Kinuni alibeba marobota ya pamba mgongoni, nyumbani hakuweza kuinua neno la mama yake.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Na wangeniuliza ningesema nataka kwenda. Nilidhani nikivalishwa shanga wale watatu watanijua, watanifuata mpaka Kisesa, tutacheza. Sikuwa na dada wala kaka. Mmoja alikuwa ameniinulia mkono, na hilo ndilo lililokuwa kubwa kwangu. Mengine yalikuwa maneno ya wakubwa.

Mama alikwenda mwaloni kesho yake na macho mekundu. Mwanamke mmoja wa Kikerewe aliyekuwa akipara samaki karibu naye akamwuliza nani kafa. Mama akamsimulia. Yule mwanamke akaanza kucheka mpaka akaweka kisu chini. "Shoga yangu, hao si watu, ni fisi maji. Wezi wakubwa. Wanamla samaki akiwa kwenye wavu wa mume wangu, wanambakizia miiba. Wana madoa meupe hapa kooni, kila mmoja na yake. Mwambie mama mkwe wako alale."

Lakini watu wa ng'ombe na pamba hawamjui fisi maji. Mama alipomwambia Bibi, Bibi akasema, "Fisi anayekaa majini? Anayekula kwa mikono? Na wewe umeanza?" Kisha akatulia, maana alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. "Nikiwaona kwa macho yangu kuwa si watu, nitanyamaza."

"Twende kisiwani basi, Mama."

"Mimi nipande ule ubao? Sijawahi kukaa mahali ambapo miguu yangu haina chini, na sitaanza uzeeni."

Sasa Bibi hataki kwenda majini, na fisi maji hawawezi kuja Kirumba. Mama akafikiri, akafunga khanga yake vizuri, akanishika mkono, tukaenda kwa Bwana Feruzi.

Bwana Feruzi alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa na pazia lililochorwa mlima wenye theluji na ndege inapaa, na watu wote wa Kirumba tumesimama mbele ya mlima ule tumekunja uso kama waliochelewa safari. Alivaa koti hata kwenye joto na alipenda kusifiwa.

"Mama Milembe," alisema, "mimi napiga watu. Mtu ukimwambia tulia anatulia."

"Mbona umetundika simba dirishani?"

"Huyo nilimpiga mwenyewe kisiwani."

"Simba wa kizimbani, Bwana Feruzi, hata mimi mkaanga samaki nampiga. Anakwenda wapi?"

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Bwana Feruzi akavuta koti lake. "Hao fisi wako wanatoka saa ngapi?"

"Wanatoka wakitaka. Sisi tutakuwepo."

Tulivuka Alhamisi. Asubuhi ile anga lilikuwa limeshuka mpaka juu ya mawe, rangi ya samaki asiyepikwa, lakini tulikuwa tumeshadanganywa na mawingu mengi hata hakuna aliyelisema. Nahodha wa mtumbwi alitutazama, mwanamke, mtoto na mtu wa koti, akauliza kama tunakwenda harusini. Tulipofika Mama hakumtazama simba. Alinitanguliza mimi. "Nionyeshe jiwe ulilosimama." Nikamwonyesha. Akakaa juu yake, akanipakata, na Bwana Feruzi akachutama kando na kamera yake kifuani kama mama mwenye kichanga.

Tukakaa. Pimbi wakatoka kwenye nyufa, wakajipanga juu ya jiwe kama wazee wa baraza wasio na kesi. Bwana Feruzi akawapiga picha.

"Hao wana shanga?" Mama akauliza.

"Hawana."

"Basi waache."

Akapita kenge, mrefu, anatembea kwa dharau. Bwana Feruzi mkono ukamwasha, akampiga na yeye. Mama akamtazama tu. "Filamu ni yangu," Bwana Feruzi akasema. "Na shida ni yangu," Mama akajibu. Baada ya hapo akaitunza filamu.

Halafu ikaja. Kwanza upepo ukageuka, ziwa likawa jeusi upande wa mbali, na ule weusi ukaanza kutembea kuja kwetu na sauti. Tone la kwanza liliniangukia kwenye paji la uso, kubwa, la baridi. Mijusi yenye vichwa vyekundu ilipotea kwenye mawe kama mtu amepuliza taa. Watu waliokuwa wanatembea kisiwani wakakimbilia bandani, na kutoka bandani nikasikia wanapiga makofi na vigelegele, maana ilikuwa mvua ya kweli, ya kwanza tangu tuanze kula ule unga.

Bwana Feruzi akaingiza kamera ndani ya koti akasimama. "Mama Milembe, kwisha. Maji yakiingia humu ndani mimi ndiyo kazi basi, nitaanza kuuza karanga. Twende bandani na wenzetu."

Mama hakusogea. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, amefumba macho, mdomo uko wazi kidogo, anainywa.

"Unanisikia? Mtoto ataugua. Kimbia, mwanamke."

Mama akafumbua macho. "Mvua niliyoiomba mwenyewe siikimbii."

Hakusema kwa ukali. Akavua khanga ya mabegani, akaniambia, "Milembe, shika pindo hili, inua juu." Yeye akashika mapindo mawili, lingine akalibana chini ya jiwe lililoinuka, tukamfanyia Bwana Feruzi kibanda. "Njoo ukae. Kamera haitalowa. Koti litalowa, koti lina kazi gani?" Na yule mtu mzima, ambaye Kirumba nzima ilimwogopa kwa kukaripia wasiotulia, akaingia chini ya khanga ya mkaanga samaki akachutama. Kioo cha kamera kikawa kinapata ukungu. Mama akampa kitambaa cha kichwani afutie, na nywele zake zikalowa. Mikono yangu ikaanza kutetemeka kwa kuinua. Nilipoishusha kidogo, Mama alisema tu, "Juu." Nikainua. Sijawahi kuchoka namna ile, hata nilipokuwa najifungua.

Nafikiri ni mvua iliyowaleta. Mitumbwi yote ilikuwa imekimbia, hakuna kasia wala kelele, ziwa lilikuwa la wenyewe. Kichwa kimoja kilitokeza, cha mviringo, kinang'aa. Nikataka kuita, Mama akaniziba mdomo kwa kiwiko. Kikatokeza cha pili, na cha tatu. Ni wao. Nilijua ni wao, shanga zao ni zilezile. Mmoja akapanda jiwe akiwa na furu mdomoni, akamshika kwa mikono miwili, akaanza kumla kuanzia kichwani.

Kisha akageuka, na nikauona mkia.

Ulikuwa mnene, mrefu, umelala juu ya jiwe. Nikautazama, nikatumaini ni kamba, ni kitu amekishika. Ukajikunja wenyewe. Nikamtazama usoni: masharubu. Mkono aliouinua kujikuna shavu ulikuwa mkono uleule ulioinuliwa siku ile, na nikaelewa kuwa siku ile pia alikuwa anajikuna. Chini ya khanga mtambo wa kamera ukalia, na tena, na tena. Bwana Feruzi alikuwa anacheka peke yake bila sauti. Mimi nilikuwa nalia, na kwa kuwa sote tulikuwa tumelowa hakuna aliyejua. Wakubwa walikuwa wamepata walichokitafuta. Mimi nilikuwa nimepoteza watoto watatu kwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyejitosa kuwatafuta. Lakini pindo sikulishusha.

Picha ile ninayo mpaka leo. Ni nyeusi na nyeupe, pembe zimekatwakatwa kama biskuti, na kwenye kona ya juu limeingia pindo la khanga, ni mimi niliyechoka. Neema ameniomba aipeleke ikasafishwe, pindo liondolewe. Nimemwambia akiliondoa hilo asinirudishie. Shuleni waliendelea kunitania vilevile, sasa wakisema watoto wangu wana mikia, lakini nilikuwepo wa kutaniwa. Nilisoma mpaka darasa la saba, na wanaolidharau la saba langu hawajui lilishikwaje.

Maana kazi haikuishia kisiwani. Jumamosi asubuhi Bibi alikuwa amefunga mzigo wake, na nguo zangu zikiwa ndani ya mzigo huo. Mvua ilikuwa bado inapiga bati tangu Alhamisi. Bwana Feruzi alileta picha mwenyewe, ameificha ndani ya koti, akasimama mlangoni kusubiri asifiwe. Bibi akaichukua, akaigeuza juu chini, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Huu ni mkia?"

"Ni mkia, Mama," Mama akasema.

"Na haya ni masharubu."

"Ndiyo."

Bibi akapitisha kidole juu ya ule mkia. "Wahenga wetu hawana mikia," akasema, na Bwana Feruzi akakohoa kuficha kicheko. "Nilisema nikiwaona nitanyamaza. Nimewaona. Nanyamaza." Akaiweka picha kwenye mkeka. Kisha akasema, "Lakini mvua ilinyesha siku mliyokwenda kwao."

"Ilinyesha, Mama."

"Basi mimi sisemi kitu."

Ugali ukaletwa, wa njano. Mama akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake kama inavyotakiwa, birika mkononi, akaanza kumnawisha. Na Bibi, aliyekuwa amenyamaza, akashindwa kunyamaza. Safari hii hakutaja shanga. Alisema taratibu, kama mtu anayemhurumia mwenzake, na nadhani alimhurumia kweli.

"Mkwe wangu, nakuambia kama mwanangu. Huyu unaye mmoja tu. Wenzako, watoto wao wa rika lake wanachota maji, wanalima, wanasaidia kukaanga. Wewe utachota peke yako, utalima peke yako, mgongo utavunjika, na yeye amekaa anachora vitu kwenye karatasi, watoto wa watu wanamcheka. Kule kwangu kuna binamu zake, kuna maziwa kidogo. Nipe niende naye, upumzike. Mtoto huyu na shule yake ni taabu ya kujitakia."

Baba alikuwa amesimama karibu na mzigo. Mkono wake ulikuwa umeshashika kamba yake, tayari kuunyanyua, akisubiri mmoja wao aseme neno la mwisho. Mama hakuinua sauti wala macho. Aliendelea kumimina maji, polepole, juu ya vidole vya Bibi, mpaka yakaisha ndani ya birika, akaliweka chini.

"Mvua niliyoiomba mwenyewe siikimbii."